Gambuti la Kushoto na Chupa Nyuma ya Pazia

Mama Zuhura, shikamoo. Nisamehe kwa mwandiko huu, ninaandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya boneti ya gari bovu hapa gereji, kwa sababu nikikaa chini miguu inaanza kucheza yenyewe, na nikiingia ndani sisikii vizuri, na kusikia ndiyo kazi yangu kubwa siku hizi. Nasikiliza greda. Likinguruma kule mlimani moyo unanidunda, likinyamaza moyo unataka kusimama, na wiki hii nimeshakimbia mara mbili kupanda huko nikiwa na spana mkononi, kufika nakuta opereta ameshuka tu kujisaidia, ananiuliza, "Vipi shemeji, kuna nini?" namjibu nilikuwa napita. Napita wapi, mama, na spana namba thelathini na mbili?

Mimi ni fundi wa mitambo mikubwa hapa Lukozi, umri wangu miaka arobaini na moja, nina mke na watoto watatu, ni Mlutheri, pombe nilishaacha. Huku watu wananiita Daktari, na jina hilo sikujipa mimi, nilipewa kwa sababu ya kufufua mashine wakati spea hazipo, na huku juu spea hazipo karibu kila siku. Niliwahi kulirudisha trekta shambani kwa mkanda wa suruali, nikawahi kuziba rejeta kwa sabuni ya mche na gari likafika Lushoto. Mtu akinunua kitu kikaharibika hapo hapo, wenzake wanamwambia usihangaike, mpelekee Daktari, atatafuta namna. Nikajizoeza kutafuta namna, mama, mpaka nikasahau kwamba kuna vitu havina namna.

Kampuni ninayofanyia kazi ni ya mkandarasi mdogo anayetunza barabara za udongo, na alikuwa na magreda mawili ya zamani ya aina moja. La pili tulishalichinja, yaani tulifungua kila kilichofaa tukamvalisha mwenzake, sasa limebaki mbavu tupu na kuku wanataga kwenye kiti cha opereta. Hili linalofanya kazi linaendeshwa na Kristian. Kristian ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Loveness, wamezaliwa wawili tu, na mke wangu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ana miaka ishirini na tisa, ameoa mwaka jana, na hakuna mtu ninayempenda kwenye ukoo ule kama yeye.

Mwezi uliopita mvua zilishusha mlima barabarani. Njia ikafungwa siku tisa. Mama, sijui kama umewahi kusikia harufu ya kabichi za kijiji kizima zikioza kwa pamoja, Fuso zimekwama huku chini, watu wamekaa juu ya magunia yao hawana la kufanya. Jirani yetu, mama yake Fatuma, alishikwa na uchungu wa kuzaa njia ikiwa imefungwa, wanaume wakambeba kwenye machela kwa miguu, wakateleza naye mara mbili, alifika hospitali ng'ambo ya kifusi akiwa hai lakini kwa taabu sana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba. Na muda wote huo greda letu lilikuwa limesimama hapa chini, injini nzima, magurudumu mazima, kasoro breki. Ndani ya pampu ya breki kuna kiraba cha mviringo, kidogo, kinatosha kwenye kiganja cha mtoto, kazi yake ni kuzuia oili isirudi nyuma ukikanyaga. Kilikuwa kimechanika. Breki ya mkono ilishakufa zamani, kwa hiyo bila kiraba kile greda halina breki kabisa.

Nilipiga simu Dar es Salaam, wakasema mashine hiyo ni ya zamani mno, labda iagizwe nje, miezi mitatu, bosi akaagiza hivyo hivyo. Nikashuka mwenyewe Korogwe, Muheza, nikaenda mpaka Tanga, siku tatu natembea duka kwa duka, kila ninapoingia nauliza mna raba ya breki ya greda la aina fulani, na kabla sijamaliza kulitaja jina mtu anatikisa kichwa. Siku ya tatu nikarudi na begi lenye mikate na sabuni. Niliposhuka pale stendi watu wakanizunguka, bodaboda, wenye Fuso, akina mama wa kabichi, Mzee Saidi mwenye duka akapasua katikati yao akaniuliza, "Daktari, umeipata?" Nikamtazama yeye, nikawatazama wale wote, nikasema, "Nimeipata."

Ni neno moja tu hilo. Mpaka leo sijui lilitokaje.

Nikajifungia gereji, nikasema sitaki mtu. Nikachukua gambuti langu la kushoto, nikakata raba ya pale kisiginoni penye unene, nikaichonga kwa wembe na msasa mpaka ikakaa kwenye pampu vizuri kabisa, nikajaza oili, nikakanyaga pedali, breki ikashika. Kristian akaja akakanyaga akacheka, akaniambia, "Spea ya kiwandani haidanganyi, shemeji." Siku mbili baadaye njia ilikuwa wazi, Fuso zikapanda, na Jumapili greda likapelekwa mpaka uwanja wa kanisa limevalishwa maua, mchungaji akaweka mkono kwenye gurudumu akamshukuru Mungu kwa kumwongoza mtumishi wake kuipata spea ile ya mbali. Watu wote wakasema amina. Nami nikasema amina, mama, tena kwa sauti, nilikuwa mstari wa mbele.

Sasa sikiliza kinachonitesa. Raba ya gambuti si raba ya kukaa kwenye oili ya mashine. Ikikaa humo inavimba. Hilo nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na nililijua nikiwa nashika wembe. Nilijiambia ni ya siku mbili, tufungue njia tu halafu nitaitoa. Lakini njia ilipofunguka kazi zikawa nyingi, mvua haikukatika, kila nikitaka kumwambia bosi tusimamishe mashine nasikia zile amina. Na mbaya zaidi, wiki ya kwanza Kristian akaniambia breki zinashika kuliko mwanzo. Alikuwa ananisifu. Mimi nikajua ni kwa nini zinashika: raba imeshaanza kuvimba, imebana.

Siku ile ile niliyoifunga nilikuwa nimechukua kipande kilichobaki cha kisigino, nikakitia kwenye chupa ya jamu pamoja na oili ile ile, nikaificha dirishani chumbani kwetu nyuma ya pazia, ili nikiangalia kile cha kwenye chupa nijue hali ya kile cha kwenye breki. Naiangalia nikiamka, naiangalia nikitoka, narudi katikati ya kazi kuiangalia, nainua pazia natazama nashusha, nafika mlangoni narudi tena. Wiki ya kwanza kilinenepa. Wiki ya pili kikawa laini kama ulimi wa ng'ombe uliochemshwa.

Mke wangu akaiona. Mama Zuhura, fikiria mwenyewe, mwanamke mcha Mungu anainua pazia kufuta vumbi anakuta chupa yenye mafuta meusi na kitu cheusi kinaelea ndani, na mumewe kwa wiki mbili halali vizuri, hali vizuri, anaongea peke yake akiitazama chupa hiyo. Akaenda kwenye viatu, akakuta gambuti moja. Akarudi akiwa amelishika lile la kulia akaniuliza, "Baba Esta, kiatu cha pili umempelekea nani?" Akaanza Kishambaa, na Loveness akiacha Kiswahili ujue mambo yameharibika. Alipomaliza yote ya kuniita akaniuliza swali moja, taratibu sana: unamroga nani?

Ningesema nini? Chupa ile ilikuwa inamhusu mdogo wake.

Tangu siku hiyo anapika ananiwekea chakula anaondoka, amehamia chumba cha watoto, amemwambia mama mchungaji, na wazee wa kanisa wanakuja Jumamosi kuniombea. Nikiwaeleza chupa ni ya nini nimejimaliza, nikikaa kimya mimi ni mchawi. Na kweli, mama, kuna saa naona heri niitwe mchawi.

Leo asubuhi, Alhamisi, wiki ya tatu ikitimia, nimefungua chupa nikakibonyeza kile kipande kwa ukucha. Ukucha umezama. Kimekatika kama chapati iliyoloana kwenye chai. Na Kristian ameshapanda, leo anakwangua mteremko ambao madereva wameupa jina la Omba Ushuke, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine hewa. Jana mvua imenyesha. Najifariji kwamba breki zikikataa anaweza kulishusha chini lile sahani la kukwangulia likamsimamisha, yeye ni hodari. Lakini najua pia udongo wa pale.

Nikimwambia ashuke, greda litasimama miezi miwili hii iliyobaki mpaka spea ije, na mlima ukishuka tena barabarani nani atambeba mama mwingine? Bosi atanifukuza. Kijiji kitanicheka mpaka wajukuu. Nikikaa kimya pengine itavumilia, kuna mashine zimevumilia mambo makubwa zaidi. Nifanyeje, mama, nisiue mtu na nisife kwa aibu?

Nakuomba ubadilishe majina yetu, na badala ya greda sema ni mashine ya kusaga. Kristian anakupenda sana, kila Alhamisi saa nne anazima injini anakunywa chai ya chupa hapo hapo kwenye kiti huku anasikiliza kipindi chako kwenye redio yake ndogo, na hiyo nusu saa ndiyo pekee katika wiki ambayo mimi napumua.

Ni mimi fundi asiyekaa chini,
Lukozi.

*

JIBU LA MAMA ZUHURA

Marahaba, fundi. Picha za barua yako zimeingia kwenye simu ya kipindi leo hii saa mbili na dakika saba asubuhi, na kila ukurasa una alama ya kidole cha oili. Nilikuwa nimeandaa barua ya dada mmoja anayegombana na wifi yake kuhusu masufuria. Dada, niwie radhi, masufuria yatasubiri. Fundi, nimekupigia mara sita. Simu inaita, hupokei. Bila shaka uko nje unasikiliza greda.

Nikupe pole kwanza, na ninaitoa kwa moyo. Mtu aliyembeba mzazi kwenye machela akateleza naye mara mbili hawezi kuitazama njia iliyofungwa kama mimi ninavyoitazama nikiwa hapa kwenye kiti cha studio. Ulitaka njia ifunguke, na siku ile ulikosea kwa huruma. Hapo nipo na wewe kabisa, na kama ungeitoa ile raba baada ya siku mbili kama ulivyojiambia, leo ningekuwa nacheka pamoja na wasikilizaji wangu kuhusu gambuti.

Lakini wiki tatu, mwanangu? Wiki tatu unainua pazia na kushusha pazia?

Umeniomba niseme ni mashine ya kusaga. Sikusema. Wasikilizaji wamesikia barua yako yote kama ulivyoiandika, na majina yote, na Omba Ushuke, na saa nne. Mimi katika miaka yangu yote ya kipindi hiki sijawahi kutaja jina la mtu aliyeniomba nilifiche. Ila mashine ya kusaga ikigoma mtu anarudi nyumbani na mahindi yake. Ya kwako imepakia mtu.

Halafu tusidanganyane. Ulikuwa na siku ishirini na moja za kuniandikia, ukachagua asubuhi ya Alhamisi. Ukanieleza bila kuulizwa kwamba Kristian anasikiliza, ameketi wapi, anakunywa nini. Fundi, hukuniandikia uniambie la kufanya, la kufanya unalijua toka ulipozamisha ukucha. Ulitaka niseme mimi ili usiseme wewe. Haya, nimesema. Umenitumia kama ulivyolitumia gambuti, na mimi pia si spea ya kazi hiyo. Nusu iliyobaki ni yako na nitakwambia sasa hivi.

Loveness, binti yangu, najua na wewe uko karibu na redio, maana mdogo wako hakipendi kipindi hiki peke yake. Mumeo hakwenda kwa mganga. Hakuna mganga wa milima hiyo anayetaka gambuti la kushoto, nakuhakikishia. Kile kitu cheusi kwenye chupa ni kisigino. Waambie wazee wa kanisa Jumamosi waje hivyo hivyo, kuombewa anahitaji, sababu tu ndiyo imebadilika. Ila lile swali ulilomuuliza, unamroga nani, usilijutie hata kidogo. Uchawi haukuwepo, lakini mtu mwenye kuonewa alikuwepo, na ukapasikia penye maumivu kabla hujajua ni nini. Leo umkasirikie, una haki. Usimfungie mlango, kwa sababu jioni ya leo atakuwa anamhitaji mtu wa kukaa naye.

Turudi kwako, Daktari. Baada ya kukukosa kwenye simu nikampigia mdogo wangu Hashimu, fundi wa matrekta Muheza kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilimsomea barua yako. Kwenye gambuti alicheka sana, akasema huyo jamaa ana mkono. Nilipofika kwenye chapati iliyoloana akaacha kucheka. Nikamuuliza kuhusu lile sahani la kukwangulia, kwamba kijana atalishusha limsimamishe. Akanijibu, "Dada, kwenye udongo mwekundu uliolowa, hilo ni sawa na kusimama kwa ndala kwenye sabuni." Kisha akaniuliza kipindi kinaanza saa ngapi.

Akaniambia na jambo jingine, na hili nataka lisikike kwa kila fundi anayezunguka kutafuta spea na kurudi mikono mitupu. Alisema, mwulize huyo bwana, kule Tanga aliulizia kwa jina au kwa vipimo? Nikaisoma barua yako tena. Uliulizia kwa jina. Siku tatu nzima unaingia dukani unataja jina la mashine ya zamani ambayo muuza duka hajawahi kuiona, na yeye anatikisa kichwa, wewe unatoka. Hashimu anasema kiraba kile hakijui kimo kwenye greda. Kinajua upana wake, tundu lake, unene wake, na aina ya oili kinayokaa ndani yake. Pima kile cha zamani kilichochanika, pima na pampu yenyewe, andika namba kwenye karatasi, kisha uliza raba ya breki ya vipimo hivyo inayostahimili oili. Mara nyingi ipo, imekaa kwenye droo na jina la lori au trekta. Mara nyingine haipo, na hapo mashine inabaki imesimama, hakuna cha kisigino tena.

Nilimuuliza mbona Daktari mzima hakulijua hilo. Akasema analijua, kila fundi analijua. Mtu akiwa na haraka na watu wanamsubiri stendi analisahau, na akishakuwa Daktari hana tena mtu wa kumpigia amkumbushe. Fundi, ulikuwa na mafundi wangapi wa kuwapigia? Hashimu peke yake angekujibu bure, tena kwa maneno mengi, namfahamu. Hukumpigia mtu yeyote kwa sababu Daktari haulizi. Hilo ndilo lililokufikisha hapo, kabla hata ya gambuti.

Na ile hofu ya njia kufungwa tena, naiheshimu, lakini jibu lake unalo hapo kijijini. Mna majembe, mna mabega, na mnaujua msaragambo, kazi ya kijiji kizima kwa pamoja, kuliko mimi. Mwenyekiti wa kijiji apige mbiu leo. Mlima ukishuka, watu hamsini kwa siku moja hawatapitisha Fuso, lakini watapitisha pikipiki na machela, na mgonjwa atafika. Kabichi chache zitaoza. Zioze.

Sasa fanya hivi, na uanze kabla sijamaliza kusema. Acha hiyo spana. Ingia chumbani, inua pazia kwa mara ya mwisho, chukua chupa. Panda mpaka Omba Ushuke kwa miguu yako hiyo isiyotulia, leo itakuwa na kazi. Ukifika usianze kusema spea hakuna wala mvua wala mchungaji. Mpe Kristian chupa mkononi, mwambie afungue abonyeze kwa ukucha wake mwenyewe, na umwambie hiki ndicho kilichomo kwenye breki zako na mimi ndiye niliyekitia. Halafu nyamaza, usikilize atakayokwambia, yote, bila kujitetea. Ukishuka, mpigie bosi kabla hajapigiwa na mtu mwingine. Jumapili simama pale pale mstari wa mbele uiseme, na kama mchungaji ataliombea greda tena, safari hii ajue anaombea nini.

Umeniuliza ufanyeje usife kwa aibu. Sikufichi, aibu utaipata. Saa hizi stendi ya Lukozi yote imeshasikia, Mzee Saidi ameshatoka nje ya duka lake, na jina la Daktari nadhani limekwisha hivi. Utaitwa Gambuti. Watoto watakuita, akina mama wa kabichi watakuita, mpaka wajukuu kama ulivyosema. Ukiitwa, itika. Na ninamwomba Mungu kwamba wa kwanza kukuita jina hilo, leo, hapo juu mlimani, awe Kristian.

Kristian, mwanangu. Mama Zuhura hapa. Najua umesikia yote na chai imeshapoa. Unayo haki ya kutetemeka, unayo haki ya kutukana, mimi nimeziba masikio. Shuka taratibu, tafuta mawe makubwa, tia mbele na nyuma ya kila gurudumu. Kisha ondoka hapo ulipo, kaa upande wa ukuta wa mlima, si upande wa pili. Mtu anapanda kuja kwako ana chupa ya jamu mkononi, anahema, mpishe akae kwanza maana ana wiki tatu hajakaa.

Ninaweka nyimbo nne mfululizo, bila matangazo, Hashimu, aliyewahi kufanya kazi huko, amenikadiria kwamba kutoka gereji mpaka hapo ni muda huo kwa mtu anayekimbia. Nitakuwa hapa kwenye simu. Na wewe, Kristian, vyovyote utakavyokasirika, hata ukitaka kumfuata huku chini ukamshike shati, mfuate kwa miguu.

Usiwashe.